Je, Umaskini Unarithiwa?



Katika somo la mirathi tunahesabu alichoacha marehemu: shamba, ng'ombe, madeni. Muhula huu najiuliza kuhusu kitu kisichoingia kwenye hesabu hiyo, nacho ni nafasi. Baba yangu anaendesha bodaboda Jinja. Baba wa mwenzangu wa chumbani ana maduka matatu. Leo tunasoma vitabu vilevile, lakini yeye alifundishwa na mwalimu wa ziada kila jioni, mimi nilikuwa nauza chapati.

Mchumi wa Canada, Miles Corak, alilinganisha nchi kadhaa. Baba mmoja akimzidi mwenzake kipato kwa asilimia 10, Denmark mtoto wake humzidi mtoto wa yule mwingine kwa kama asilimia 1.5 tu. Marekani ni karibu 4.7. Kwa jumla, nchi yenye pengo kubwa la kipato ndiyo ambayo mtoto hubaki palepale alipokuwa mzazi. Haithibitishi kwamba pengo peke yake ndiyo sababu, ila njia yake tunaiona: mwenye nacho hununua shule bora. Uganda iliondoa ada ya msingi mwaka 1997, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vinamsubiri mzazi.

Uislamu haukatazi kumwachia mtoto mali. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa mali yake kama wasia, Mtume (s.a.w.) alimwekea kikomo cha theluthi, akasema ni bora awaache warithi wakijitosheleza kuliko kuombaomba. Papo hapo, Suratul-Hashr aya ya 7, ikizungumzia mgao wa fai, inakataa mali izunguke kwa matajiri peke yao. Kwangu, aya na hadithi hazipingani. Mrithishe mwanao, na usifunge mlango wa mwana wa mwenzio.

Ndiyo maana naleta suala la sanduku letu. Sisemi zakatul-fitri, hiyo ni chakula na ina wakati wake. Nasema zaka ya mali. Imam Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba anayejishughulisha na elimu ya dini, ambaye kuchuma kungemkatizia masomo, anaweza kupewa zaka. Yusuf al-Qaradawi amepanua hilo kwa elimu yenye manufaa.

Ramadhani iliyopita zaka ilinunua mchele na sukari. Nami nilikula, alhamdulillah. Wiki mbili baadaye ndugu yetu wa mwaka wa pili alizuiwa mtihani kwa deni la ada, akarudi kijijini. Ndugu zangu wa kamati, mwaka huu tuanze na orodha ya wanaodaiwa ada, mchele ufuate.