Tulilipia Mikia, Tukaletewa Mikia

Wanachuo wenzangu, siku hizi baadhi ya kozi zetu zinatoa alama kwa kuhudhuria vipindi. Nia ni njema: mhadhiri anataka tuje tujifunze. Lakini kabla hatujashangilia alama za bure, twende kwanza Hanoi.

Mwaka 1902 mji huo wa Vietnam ulitawaliwa na Wafaransa. Walikuwa wamejenga mitaro ya maji machafu chini ya ardhi, na panya wakaifanya makao. Kwa kuhofia tauni, serikali iliajiri watu wa kuwaua, kisha ikatangaza malipo kwa mwananchi yeyote atakayeua panya. Ila mizoga yote hiyo nani aipokee? Ikaamuliwa kuleta mkia tu kunatosha.

Mikia ikaja kwa wingi. Baadaye maofisa wakaanza kuona panya wazima wanakatiza mitaani bila mkia! Kumbe watu walikuwa wanakata mkia na kumwachia panya akaendelee kuzaa. Pembezoni mwa mji wengine walikuwa wanafuga panya kabisa. Malipo yakafutwa.

Watu wale hawakuwa wajinga. Serikali ilitaka panya wafe, lakini ilichonunua ni mikia. Ikauziwa mikia.

Sasa niambieni, saini kwenye karatasi ya mahudhurio ni nini kama si mkia? Tunatakiwa kuelewa somo, ila kinacholipwa ni saini. Ndiyo maana ujumbe wa "nisainie basi" hauishi kwenye simu zetu. Karatasi inasema darasa limejaa, viti vya nyuma vitupu.

Anayeumia ni nani? Ni yule aliyekosa nauli na hana wa kumsainia. Tena tunaumia wote, maana karatasi iliyojaa inaficha sababu za watu kutokuja: ratiba mbovu, ukumbi usiosikika, ufundishaji wa kusoma slaidi. Tatizo lisiloonekana halitatuliwi.

Kwa hiyo, kila zawadi ikipendekezwa, iwe na idara au na serikali yetu ya wanafunzi, tuulize swali moja: njia rahisi kuliko zote ya kuipata ni ipi? Kama njia hiyo haipiti kwenye jambo tunalolitaka, tujiandae kupokea mikia.

Mimi napendekeza swali moja fupi mwishoni mwa kipindi, kuhusu kilichofundishwa siku hiyo. Kuibia kutakuwepo, sikatai. Lakini hata wa kuibia atalazimika kusoma anachonakili.