Dondoo muhimu: Kuziba, kubadilisha bati au kuezeka upya Ufipa

Sumbawanga iko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Adui wa paa huko si hewa ya chumvi kama Tanga au Dar es Salaam, bali mvua za Novemba hadi Aprili na upepo wa kiangazi.

- Ukaguzi hufanywa Agosti hadi Oktoba. Mwanga unaopenya darini huonyesha tundu. Doa jeusi kwenye kenchi huonyesha maji yanakopita.
- Kuziba kunatosha pale matundu ni machache na mbao ni nzima. Msumari uliolegea hung'olewa na kuwekwa mwingine wenye mpira, ukipigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni yanakotiririka maji.
- Kubadilisha bati kunafaa kutu ikiwa imesambaa na bati linatoboka likibonyezwa.
- Kuezeka upya hakukwepeki papi na kenchi zikiwa zimeliwa na mchwa. Mbao mpya zipakwe dawa kabla ya kupandishwa.
- Unene: namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene zaidi. Geji 28 hudumu kuliko 30 na 32.
- Upepo: kenchi zifungwe kwa waya mnene uliofukiwa ndani ya lenta, na misumari iongezwe kingoni na kwenye kofia.

Fedha ikiwa haba, mbao na ufungaji vitangulie. Rangi ya bati ije mwisho.