Mlinganyo Uandikwe Mara Moja: Vidokezo vya Kutumia Bloku za Masharti

Mhandisi anayesanifu pampu ya sola kwa ajili ya kisima kirefu mara nyingi hupiga hesabu zake kwenye Excel. Hesabu zinakubali, pampu inanunuliwa, maji yanatoka. Baadaye kijiji kinaamua tangi lihamishiwe mlimani, na hapo hakuna anayekumbuka ni seli ipi imebeba kimo na ipi imebeba ufanisi. SysML, lugha ya michoro ya uhandisi wa mifumo ambayo shirika la OMG lilitoa toleo lake la kwanza mwaka 2007, ina dawa ya tatizo hili. Dawa yenyewe ni bloku ya sharti: kisanduku kinachobeba mlinganyo wa kifizikia pamoja na vigeu vyake, mahali ambapo kila mtu anauona. Kama ndiyo unaanza, shika haya.

1. Bloku moja, mlinganyo mmoja. Usirundike fizikia yote ndani ya kisanduku kimoja. Pampu yetu inahitaji bloku tano tu. Ya kwanza ni nguvu ya kupandisha maji, P = ρgQH, ambapo Q ni mtiririko na H ni kimo. Ya pili ni ufanisi, unaogeuza nguvu hiyo kuwa wati za umeme. Ya tatu ni msuguano ndani ya bomba, kwa mlinganyo wa Darcy na Weisbach, h = f(L/D)(v²/2g), ambapo f ni kigezo cha msuguano, L na D ni urefu na kipenyo cha bomba, na v ni kasi ya maji. Ya nne inajumlisha kimo cha mwinuko na kimo kinacholiwa na msuguano. Ya tano inatoa kasi v kutokana na mtiririko Q na kipenyo D. Na usiandike tarakimu za mradi ndani ya bloku hizi. Urefu ni mali ya bomba na ufanisi ni mali ya pampu, ziache huko. Ukifanya hivyo, bloku ya msuguano utaichukua ilivyo hadi kwenye mradi wa umwagiliaji.

2. Usiamue mapema unatafuta nini. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wote. Seli ya Excel huenda upande mmoja tu: unaipa hiki, inakupa kile. Bloku ya sharti inasema tu kwamba pande mbili ziko sawa. Leo unajua mtiririko na unatafuta wati. Kesho mfadhili anakuja na paneli zake tayari, nawe unatafuta maji kiasi gani yatapanda. Mlinganyo ni uleule, hauandikwi upya.

3. Kila thamani iwe na kizio chake. Chukua mtiririko wa mita za ujazo 10 kwa saa na kimo cha mita 60. Ukikumbuka kugawa kwa sekunde 3,600, maji yanahitaji takriban wati 1,635. Ukisahau, unapata wati milioni 5.9, na kosa hilo utalishtukia mara moja. Hatari iko kwenye makosa madogo yanayofanana na ukweli. Mwezi Septemba 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa msukumo kwa pauni-sekunde, na upande wa pili ukausoma kama nyutoni-sekunde. Tofauti yake ni mara 4.45 hivi. Katika SysML, unda aina za thamani zinazobeba vizio, na uzitumie bila kuruka hata moja.

4. Funga vigeu kwenye vitu halisi. Kazi hii hufanyika kwenye mchoro wa parametriki. Vigeu vya bloku huonekana kama miraba midogo ukingoni, na kila kimoja unakiunganisha kwa mstari na mali yake: D na kipenyo cha bomba, η na ufanisi wa pampu. Mstari huo unamaanisha thamani hizi mbili ni kitu kimoja. Faida yake utaiona ukibadilisha jambo moja. Tuseme bomba ni la mita 500, kigezo cha msuguano ni 0.02, na mtiririko ni uleule wa mita za ujazo 10 kwa saa. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 linakula kimo cha mita 20.4 hivi. Lenye milimita 63 linakula mita 6.4 tu, kwa kuwa, mtiririko ukiwa uleule, msuguano hupungua kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kwa mwinuko wa mita 60 na ufanisi wa asilimia 50, umeme unaohitajika unashuka kutoka wati 4,380 hivi hadi 3,620. Wati 760 zimeokolewa na bomba pana zaidi! Mlinganyo ukiwa umefichwa ndani ya seli, uamuzi kama huo haumjii mtu akilini.

5. Sharti si lazima liwe alama ya usawa. Ripoti ya jaribio la kupampu hukueleza kisima kinatoa maji kiasi gani bila kuchoka. Andika kwamba mtiririko Q usizidi kiasi hicho. Pampu inayovuta kupita uwezo wa kisima hushusha maji hadi ikanyonya hewa, na inaweza kuungua.

6. Mchoro wenyewe haukokotoi. SysML inaeleza uhusiano. Hesabu hufanywa na programu nyingine iliyounganishwa na modeli, kama MATLAB au OpenModelica. Panga jambo hili mapema.

7. Piga hesabu moja kwa mkono. Kikokotoo na karatasi vinatosha kupima mfano mmoja kuanzia mwinuko hadi wati. Jibu lako na la modeli yasipokaribiana, usisaini oda ya pampu mpaka umejua kosa liko wapi.