SUALA LA NDUGU ZETU WA HOMA BAY NA MIGORI JUU YA MAKAZI YA KANADA

Tumeletewa suala na ndugu zetu wa Homa Bay na Migori, tukalisoma katika darasa letu, nasi tumeona yafaa kulijibu hapa kwa kuwa vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu wanalo lilo hilo. Ndugu hawa wako mbali nasi, hawa kando ya Ziwa Viktoria na hawa karibu na mpaka wa Tanzania, lakini lililowafika ni moja na letu. Wasema wanao muuguzi na fundi wa magari wanaotaka kuomba ruhusa ya kukaa Kanada daima kwa ujuzi wao, na dalali amewaambia ya kwamba kila kilichopungua katika makaratasi yao kitatengenezwa. Wauliza: je, karatasi iliyojazwa mbele ya serikali isiyokuwa ya Kiislamu ni ushahidi kama ushahidi mwengine?

Jawabu ni kuwa ni ushahidi. Mwenye kuomba hutia sahihi yake kwamba aliyoyaandika ni kweli, na uwongo haugeuki kuwa halali kwa sababu ya dini ya yule anayeupokea. Hatutaki kurefusha katika hili, kwani hakuna msomaji wetu asiyejua hukumu ya shahada ya uwongo. Lililo gumu ni kujua uwongo huingilia mlango gani, na mtu afanyeje hata asiuhitaji.

Njia wanayoitaka ni ile ya wafanya kazi wenye ujuzi, ambayo tangu mwaka 2015 hupitia utaratibu uitwao Express Entry. Mwombaji hupimwa kwa mizani ya alama 100, na asiyefika 67 harudishiwi jawabu jingine ila la kukataliwa. Lugha ina alama 28, elimu 25, kazi aliyoifanya 15, umri 12, kazi iliyokwisha kuahidiwa huko 10, na mambo yanayomsaidia kuzoea nchi 10.

Tumchukue muuguzi. Tuseme ana miaka 29, basi apata alama zote 12 za umri, maana hizo ni za aliye baina ya miaka 18 na 35, kisha hupungua moja moja kila mwaka. Stashahada yake ikipimwa na wapimaji wanaokubaliwa na Kanada, wakasema ni sawa na ya miaka 3 ya huko, apata 21. Amefanya kazi miaka 4, apata 13. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS amepata 7.5 kwa kusikiliza, na 6.5 kwa kusoma, kuandika na kusema. Kila kimoja champa alama 5, jumla 20. Ukijumlisha hayo yote wapata 66. Imepungua alama moja!

Hapa ndipo dalali anapovuta kiti karibu. Atasema: tuandike umefanya kazi miaka 6, utapata 15 badala ya 13, na nani atakayekwenda Homa Bay kuuliza? Nasi twasema: tazameni kwanza haki imeacha milango mingapi wazi. Akiurudia mtihani, na kuandika kwake kukapanda kutoka 6.5 hadi 7, alama hiyo moja imepatikana. Na kama ameolewa, mumewe akifanya mtihani huo huo na kupata daraja ya chini tu inayotakiwa, yaani ya nne katika vipimo vyao, mke huongezewa alama 5 nzima. Wangapi wamelipa fedha nyingi kununua uwongo, na hali mume yuko nyumbani hakuambiwa kuwa mtihani wake una thamani!

Ifahamike pia kwamba 67 ni kizingiti, si kiti. Mwenye kukivuka huwekwa katika mizani ya pili yenye alama 1,200, akashindanishwa na wengine, na huitwa wa juu. Wala ruhusa ya kukaa si ruhusa ya kuuguza: kila jimbo lina baraza lake la wauguzi, na asiyeandikwa humo hashiki kazi hiyo, hata awe na makazi ya daima.

Ama fundi, shida yake ni barua. Kanada hutaka barua ya mwajiri katika karatasi yenye anwani ya ofisi, itaje kazi alizofanya, saa za kila wiki, mshahara na tarehe. Yeye amejifunza chini ya mti, tajiri wake hana hata mhuri. Mwenye kujitegemea hukubaliwa, lakini kwa hati za mapato na ushahidi wa watu wengine. Kiapo chake mwenyewe juu ya kazi zake hakitoshi. Basi na aanze leo: achukue leseni ya biashara ya kaunti, alipe kodi, aandike risiti, ahifadhi hesabu za M-Pesa za wateja wake. Mwaka mmoja mfululizo ulioandikwa sawasawa ndio uchache unaotakiwa. Mwaka ni mrefu kwa kijana, twajua, lakini barua ya kubuni ikigunduliwa, kwa sheria ya Kanada hufungiwa mlango miaka 5.

Mlango mwengine wa uwongo ni fedha. Asiye na kazi iliyoahidiwa huko hutakiwa aonyeshe mali ya kumtosha yeye na watu wake. Katika mwaka 2024 ilikuwa dola 14,690 za Kanada kwa mtu mmoja, na 27,297 kwa watu wanne. Kiasi hubadilika kila mwaka. Sheria yasema fedha hizo zisiwe za kukopa, na benki hutakiwa kutaja wastani wa akiba ya miezi 6 pamoja na madeni. Watu wetu hukusanya kwa ami na kwa shangazi, wakaziweka, kisha wakazirudisha, wakaita hiba. Hii si hiba. Hiba ni mali iliyotoka kwa mwenyewe na kukabidhiwa mwengine iwe yake. Iliyotolewa kwa sharti ya kurudi ni deni, na jina halibadili kitu. Ami akitoa kweli, na aandike kuwa ametoa, wala asiidai.

Na lililotuhuzunisha zaidi ni hili, kwamba wako wanaoacha kuwataja watoto ili kiasi cha fedha kipungue. Watoto hata wasiosafiri huhesabiwa, wa chini ya miaka 22 ambao hawajaoa wala kuolewa. Na kanuni ya kawaida ni kuwa mtoto asiyetajwa wala kupimwa wakati wa maombi hawezi baadaye kuombewa na mzazi huyo kwa njia ya jamaa. Baba ameokoa dola elfu kadhaa kwa kumkana mwanawe, na karatasi ikamshika kwa neno lake. Kadhalika mwenye wake wawili ajue kabla ya kuuza shamba: Kanada hukubali mke mmoja tu, na kumwandika wa pili kuwa dada ni uwongo juu ya nasaba na juu ya ndoa pamoja. Haki za yule atakayebaki ni jambo la kuamuliwa nyumbani, mbele ya mashahidi, kabla ya karatasi ya kwanza kujazwa.

Cheti cha tabia njema huombwa kwa idara ya upelelezi wa jinai, na aliyekaa nchi nyingine miezi 6 mfululizo katika miaka 10 iliyopita hutakiwa alete na cha huko. Wa Migori waliofanya kazi Tarime au Mwanza wasisahau, wala wetu waliokuwa Saudia na Qatar.

Ama dalali, kujiandikisha katika Express Entry ni bure, na alama za barua ya kazi anayoiuza ziliondolewa katika mizani ya pili tangu 25 Machi 2025. Wenye ruhusa ya kutoza ada kwa shauri hili ni mawakili wa huko na washauri walioandikwa katika chuo chao kilichofunguliwa mwaka 2021, na daftari la majina yao liko wazi kwa kila mwenye kutaka kulitazama.