Sabuni: Kutoka Ndoo Hadi Pipa

Kikundi chetu hapa Ilula kilianza kutengeneza sabuni za miche katika ndoo moja. Tulitumia mafuta ya alizeti ya kwetu na mawese kutoka Kyela, nusu kwa nusu. Sabuni ilikuwa nzuri. Mwenye duka mmoja alipoagiza nyingi, tulifanya hesabu ya haraka: kila kitu mara 20, ndani ya pipa. Siku ile mwenzetu aliungua mkono, na mafuta yetu mengi yakapotea. Tunawaeleza tulichojifunza.

Kipimo chetu
Kwa kila kilo 1 ya mafuta hayo tunatumia gramu 130 za kostiki soda na gramu 350 za maji. Tunapima vyote kwa mizani. Kiasi hiki huacha mafuta kidogo yasiyogeuka sabuni, ili mche usiunguze ngozi.

Kwa nini pipa lilitushinda?
Kipimo kilikuwa sahihi. Mambo mawili ndiyo yaliyobadilika.

Joto. Kostiki soda ikiingia kwenye maji hutoa joto kali. Chombo chenye upana na kimo mara 3 ya kingine hubeba mara 27, lakini ukubwa wa nje unaopitisha joto huongezeka mara 9 tu. Kwa hiyo chombo kikubwa hupoa polepole. Maji yetu yalichemka na kuruka.

Kukoroga. Mwiko wetu haukufika chini ya pipa. Miche mingine ilikuwa na mafuta juu, mingine iliwasha mikono.

Tufanyeje?
• Pandeni kwa ngazi: kilo 2 za mafuta, kisha 5, kisha 10. Msipande kabla ngazi mliyopo haijafaulu mara tatu mfululizo.
• Tieni kostiki kwenye maji kidogo kidogo. Kamwe msimwage maji juu ya kostiki. Wekeni chombo ndani ya beseni la maji baridi, na msubiri kipoe kabla ya kuchanganya na mafuta.
• Msitumie sufuria za alumini. Kostiki huzila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Tumieni plastiki ngumu au chuma cha pua.
• Vaeni glavu, miwani na mikono mirefu. Watoto wakae mbali. Kostiki ikimgusa mtu, osheni mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, kisha mpelekeni hospitali, hasa ikiwa ni jicho.
• Andikeni katika daftari vipimo, muda wa kukoroga na matokeo.
• Acheni miche ikauke wiki 4 kabla ya kuuza.

Leo tunatengeneza kilo 10 mara nne badala ya kilo 40 mara moja. Kazi ni ndefu zaidi, lakini hakuna aliyeungua tena, na kosa likitokea tunapoteza ndoo moja tu.

Mkiwa tayari kwa soko kubwa, nendeni SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo. Watawaelekeza pia kuhusu alama ya ubora ya TBS.

Maswali ya kujadili
1. Katika kazi ya kikundi chenu, ni kitu gani hubadilika mnapoongeza kiasi?
2. Nani anaandika daftari lenu? Je, mwingine anaweza kulisoma na kuifanya kazi ileile?
3. Mtu akiungua leo, maji ya kutosha yako wapi?