Feni ya babu

Swali: Marehemu babu ameniachia feni ya mezani ya chuma yenye mapanga ya shaba. Haijawashwa miaka mingi. Je, niichomeke tu nione kama inazunguka? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Tafadhali, usiichomeke bado. Hatari kubwa iko kwenye waya. Waya za enzi zile zilivikwa mpira, kisha kitambaa juu yake. Kitambaa huonekana kizima, lakini ukiukunja waya pale unapoingia kwenye kitako, mpira wa ndani hupukutika chengachenga. Shaba tupu ikigusa chuma, mwili mzima wa feni hupiga shoti. Badilisha waya wote, uweke wa nyaya tatu, na ule wa ethi ufungwe kwenye chuma.

Soma pia kibati chake. Feni nyingi za Marekani zilitengenezewa volti 110 hadi 120. Ukiiunganisha na 240 za Kenya, koili itaungua.

Zungusha panga kwa mkono. Likiwa zito, oili ya zamani imeganda: safisha bushi kwa mafuta ya taa, kausha, utie matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Ya kupikia hugeuka gundi.

Siku ya kuijaribu, fundi aiunge kwa mfululizo na balbu ya kizamani ya waya. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Ikiwaka hafifu, ni dalili njema.

Shaba ing'arishe kwa mkono. Mashine ya kusugua hula panga moja kuliko jingine, na feni hutetemeka. Iweke mbali na watoto, kwani wavu wake hupitisha vidole.