Kabla ya Sindano, Muulize Alifundishwa na Nani

Mwaka 1027, Wang Weiyi, tabibu wa kasri la wafalme wa Song nchini China, alisimamia kusubiwa kwa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu mzima. Zilijaa matundu madogo mwilini, kila tundu mahali ambapo sindano hupaswa kuingia. Siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta ili matundu yasionekane, na ndani ikatiwa maji. Mwanafunzi alitajiwa mahali, akachoma. Akipatia, maji yalichuruzika. Akikosea, sindano iligota kwenye shaba.

Leo ukiingia chumba chenye bango la akupancha, iwe Dar es Salaam, Nairobi au California, huoni sanamu wala nta. Unaona cheti ukutani, pengine kwa maandishi usiyoweza kuyasoma, na kitanda. Aliyeshika sindano angefaulu mtihani ule? Zipo njia za kujua, na nyingi ni za kuuliza tu.

Kwanza tuelewane kuhusu sindano yenyewe. Usiifananishe na ile ya hospitali. Haina dawa, haina tundu, na unene wake ni robo ya milimita hivi, mara nyingi chini ya hapo. Huingizwa kwenye sehemu maalumu za mwili, ambazo orodha ya kimataifa inazihesabu kuwa 361, ikaachwa dakika 15 hadi 30. Chuo kinachofundisha tiba za Asia hakiishii hapo: kuna dawa za mitishamba, kuna kuchoma majani makavu karibu na ngozi, kuna ukandaji, na kuna kile ambacho watu wa Pwani walikijua zamani kwa jina la kuumika, kwa pembe ya chuku, na ambacho siku hizi wengi hukiita hijama. Katika vyuo hivyo huumika kwa vikombe vya kioo, na mara nyingi bila kuchanja.

Swali la kwanza la kumuuliza mtabibu ni hili: ulisomea wapi, na miaka mingapi? Jibu la kweli lina urefu. Nchini China vyuo vikuu vya kwanza vya tiba hii, cha Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, vilianzishwa mwaka 1956, na shahada ya kwanza huchukua miaka 5. Japani ni miaka 3 au zaidi, kisha mtihani wa taifa. California inadai saa 3,000 za masomo, na katika hizo 950 ziwe za kuhudumia wagonjwa chini ya macho ya mkufunzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza saa 2,500 kwa mtu asiye daktari, na saa 200 kwa daktari wa hospitali anayetaka mbinu chache tu za kumsaidia katika kazi yake.

Hizo 200 zisikushangaze. Mafunzo mafupi si utapeli, mradi mhusika abaki ndani ya mipaka yake. Katika Hospitali ya Lincoln, eneo la Bronx jijini New York, miaka ya 1970 walianza kuwasaidia waraibu wa dawa za kulevya kwa sindano za masikioni. Utaratibu wao ulikuja kuwa wa sehemu tano tu, na mafunzo yake ni ya saa 70. Aliyesomea hizo 70 anajua sikio. Akianza kukugusa mgongo, ondoka.

Swali la pili ndilo ninalolipenda zaidi: nani alikushika mkono? Kazi hii hujifunzwa kwa vidole. Mfano mzuri ni Sugiyama Waichi, tabibu wa Japani wa karne ya 17 ambaye hakuwa na uwezo wa kuona. Anasifiwa kwa kueneza matumizi ya kijibomba chembamba: sindano hutumbukizwa humo, kijibomba kikawekwa juu ya ngozi, kisha kichwa cha sindano kikagongwa kwa kidole. Maumivu ya kuingia hupungua sana. Alifungua shule za wasioona, na mpaka leo Wajapani wasioona husomea kazi hiyo. Kijibomba hicho utakiona katika kliniki nyingi duniani.

Ukipata nafasi ya kutibiwa katika kliniki ya chuo, ambako bei huwa nafuu, jiandae kwa muda. Mwanafunzi atakuhoji kwa kirefu: usingizi, choo, hedhi, jasho, hamu ya kula. Ataweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wako, kushoto kisha kulia, asikilize mapigo. Atakuomba utoe ulimi autazame rangi na utando, kwa hiyo siku hiyo usile zambarau wala usitafune tambuu. Kisha atatoka. Wengine hukasirika hapo, wakidhani wametelekezwa. La, ameenda kueleza alichokiona, na mkufunzi atakuja mwenyewe, akushike mapigo upya, pengine amsahihishe mbele yako. Sindano haingii kabla mkufunzi hajakubali. Kwangu mimi, saa mbili za namna hiyo ni bora kuliko dakika kumi za bingwa asiyeulizwa na mtu.

Nenda umekula kidogo, maana mwenye njaa huweza kuzimia. Vaa nguo zinazopanda kirahisi mpaka gotini na kiwikoni, au chukua kanga. Taja kila kitu: mimba, kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ARV kama unatumia. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, sindano ikitumika mara moja iishie kwenye boksi gumu la vitu vyenye ncha kali. Sindano zilizorudiwa zimewahi kueneza homa ya ini, na hapo hakuna cha kuoneana haya. Ukichomwa utahisi uzito, ganzi au kitu kama shoti ndogo. Maumivu makali yanayoendelea, sema papo hapo. Sindano za kifuani na juu ya mabega zinahitaji mkono wa aliyesoma hasa, kwa kuwa pafu liko karibu. Ukikosa pumzi au kifua kikibana baadaye, hata ukiwa umeshafika nyumbani, nenda hospitali.

Kuhusu dawa za mitishamba, kisa cha Brussels kinatosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea uliokusudiwa uliitwa fangji. Ukaingia mwingine wenye jina linalokaribiana nao, wa jamii ya Aristolochia, na wanawake zaidi ya 100 wakaharibika figo. Baadhi yao baadaye walipata saratani. Anayejua majina ya miti ya kwetu, jinsi jina moja linavyobeba miti mitatu kutoka wilaya hadi wilaya, ataelewa upesi. Kwa hiyo dawa isiyo na jina la mmea kwenye chupa usiinywe.

Na inasaidia nini? Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye maumivu ya kudumu ya mgongo na goti, kipandauso, na kichefuchefu baada ya upasuaji au matibabu ya saratani. Hata hapo, majaribio mengi yameonyesha tofauti ndogo kati ya sindano za kweli na za kuigiza. Mtabibu aliyefundishwa vizuri hulijua hilo na hakufichi. Asiyefundishwa huahidi kuponya kisukari na ukimwi, na kukwambia uache dawa za hospitali.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili watoa huduma. Cheti cha usajili ni haki yako kukiona.

Usilipie vikao 20 kwa mkupuo. Lipa vichache, baada ya cha sita mkae chini mpime kama kuna nafuu. Kabla ya kushuka kitandani, uliza zimeingia sindano ngapi na zimetoka ngapi. Ukifika nyumbani ukaikuta moja imesahaulika nyuma ya sikio au ndani ya nywele, usishtuke: ichomoe taratibu bila kuipinda, bonyeza pamba safi, usiitupe kwenye taka. Itie ndani ya chupa yenye kifuniko uirudishe kule kule ulikotibiwa, ukaombe wakuonyeshe hesabu waliyoiandika.